Sanduku la vijiko vya safari: historia ya amana moja ya ziwa letu



Wale waliokuwa kwenye mkutano wetu wa mwisho wanakumbuka namna kikao kilivyosimama. Tulikuwa tunazungumza juu ya michango iliyochelewa, na watu walikuwa wamechoka. Ndipo mama mmoja wa kwetu akafungua kitambaa juu ya meza ya komite. Ndani kulikuwa na kasanduku ka ngozi, kameliwa na unyevu kwenye pembe, na ndani ya kasanduku kuna kikombe kidogo, kijiko, uma na kisu, vyote vimekunjwa katikati kama kisu cha mfukoni, pamoja na kakopo kadogo ka chumvi. Vyote vyeusi kama chungu cha zamani.

Alikuwa anachimba msingi kwenye parseli ya marehemu baba yake, kule Kimanga, nyumba ile iliyobaki ukuta mmoja. Jembe likagonga kopo la bati lililofungwa kwa turubai. Kabla ya kuja kwetu, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kumpa bei: franga ya kilo mbili za sukari, eti ni bati tu. Mama anahitaji mabati ya paa, mvua iko karibu. Akatuuliza: "Hii kintu ni feza kweli, ama ni rangi tu? Na kama ni feza, niko na haki ya kuiuzisha?"

Maswali mawili, na yote mawili yanatuhusu. Komite ilituomba tuandike historia ya vyombo hivi, ili kila mmoja aelewe tuliamua nini na kwa sababu gani.

Vyombo vya mtu aliye njiani

Kwetu mtu akifika mgeni, tunamletea maji ya kunawa, ugali na mukeke, au sombe na ndagala, na mkono wake ndio kijiko. Mkono hauhitaji sanduku. Ulaya ya zamani nayo ilikuwa hivyo karibu. Kwa miaka mingi mwenye nyumba hakuwapa wageni wake visu. Kila mtu alikuja mezani na kisu chake kiunoni, na kijiko kama alikuwa nacho. Uma ulichelewa kuingia, na katika nchi za kaskazini watu waliucheka muda mrefu kabla ya kuuzoea. Msafiri aliyelala kwenye nyumba za wageni za njiani alijua atakuta chakula, lakini chombo cha kulia akibebe mwenyewe.

Ndiyo sababu mafundi wa fedha, katika miaka ya 1600 na zaidi katika miaka ya 1700, walianza kutengeneza seti za safari kwa matajiri, maofisa wa jeshi na mabwana waliopenda kuwinda. Akili yake ni ndogo na nzuri: kila kitu kiingie ndani ya kingine. Kikombe ndicho kinachobeba vyote. Ndani yake kinaingia kijiko kinachokunjwa, au kinachofunguliwa mpini kwa kuzungusha. Kisu na uma mara nyingine vinatumia mpini mmoja. Halafu kakopo ka chumvi na viungo, na kifaa chembamba cha kutolea uboho kwenye mfupa. Nje ni kifuko cha ngozi ngumu, hata ngozi ya papa, iliyokatwa kwa kipimo chake. Mtu anakitia kwenye mfuko wa tandiko la farasi, anaondoka.

Seti moja ya namna hiyo inajulikana sana. Ilitengenezwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1740 au 1741, na fundi Ebenezer Oliphant, kwa ajili ya Charles Edward Stuart, kijana aliyedai kiti cha ufalme ambacho babu yake alikuwa amenyang'anywa. Mwaka 1745 kijana huyo aliingia Scotland, akakusanya jeshi. Tarehe 16 Aprili 1746, mahali panapoitwa Culloden, jeshi lake lilivunjwa kwa muda mfupi sana. Yeye akakimbia. Miezi mitano alijificha milimani na visiwani, akalala mapangoni, akavaa nguo za mjakazi ili asitambulike, mpaka merikebu ya Ufaransa ikamchukua. Hakurudi tena kwa mababu zake kama mfalme. Alikufa Roma mwaka 1788. Sanduku lake la vijiko lilibaki kwenye mizigo iliyotekwa, na mkubwa wa jeshi lililoshinda akampa mmoja wa maofisa wake. Leo liko katika makumbusho ya taifa ya Scotland, Edinburgh, na watu wanalipa nauli kwenda kuliangalia.

Tuliposoma habari hii kwenye kikao, mzee mmoja alicheka, akasema: "Kumbe hata mtoto wa mfalme alikimbiaka akaacha vijiko!" Ni kweli, ndugu. Sisi tunaijua ile asubuhi. Chakula kiko jikoni, mlango uko wazi, na aliyekuja nyuma yako ndiye aliyekula.

Fedha iliyopita kwenye ziwa letu

Vyombo vya namna hiyo vilifika kwenye ziwa Tanganyika pamoja na wasafiri wa Ulaya, kwenye vichwa na mabega ya watu wetu. Wa kwanza kufika huku kwetu walikuwa Waingereza Richard Burton na John Speke. Waliondoka Ujiji kwa mitumbwi, wakafika Uvira tarehe 26 Aprili 1858. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Watoto watatu wa mfalme wa Uvira, ambaye Burton aliandika jina lake Maruta, waliwaambia wazi kwamba unaingia. Wapiga kasia walikataa kuendelea mbele, na Burton mwenyewe alikuwa na vidonda kwenye ulimi, hata kuongea kulikuwa taabu. Mtu anaweza kuwa na kijiko kizuri na asiwe na ulimi wa kulia. Speke naye, wiki chache kabla, alilala kwenye kisiwa kimoja cha ziwa hili, mdudu akamwingia sikioni. Akajaribu kumtoa kwa ncha ya kisu chake kidogo, akajiumiza vibaya, na sikio hilo likabaki na ubovu.

Miaka 13 baadaye alikuja Henry Stanley kumtafuta David Livingstone. Msafara wake wote, uliogawanywa mafungu matano kutoka Bagamoyo, ulikuwa na watu 192. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili, ni kusema karibu kilo 32. Humo kulikuwa na nguo, shanga na waya wa shaba, kwa sababu ndizo zilikuwa pesa za njiani. Lakini kulikuwa pia na chupa ya shampeni na vikombe vya fedha. Siku Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji, Novemba 1871, alimwita Selim, kijana wa Yerusalemu aliyekuwa mkalimani wake, alete ile chupa na vile vikombe. Wazungu wawili wakanywa kwa fedha, mbali miezi ya safari kutoka bahari. Mwezi huohuo walipanda mtumbwi wakaja huku kwetu kaskazini, wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi unaingia ziwani, kama watoto wa Maruta walivyosema tangu 1858.

Tunayaandika haya kwa sababu vitabu vinataja sana mwenye kikombe, na kidogo sana aliyekibeba. Hesabuni wenyewe: kikombe cha fedha ni gramu mia kadhaa, na kila gramu ilitembea kwa miguu ya mtu kutoka pwani mpaka ziwa, akivuka Mrima, Ugogo na Unyamwezi. Mpagazi huyo jioni alikula ugali wake kwa mkono, kwenye jani au kwenye kibuyu. Hakuandika kitabu.

Ila kuna jambo moja ambalo wabebaji hao waliacha, na ni zito kuliko fedha. Livingstone alikufa Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao walikuwa mbali na kila serikali. Wangeweza kugawana vitu wakaenda zao. Wakafanya nini? Walifungua masanduku ya marehemu mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akaandika kila kitu kilichokuwemo, ili baadaye mtu asiseme kitu kimepotea. Kisha wakaukausha mwili, wakaubeba pamoja na vitabu na vyombo vyake mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi, wakafika Februari 1874. Ile ni amana, ndugu zetu. Na orodha ile iliyoandikwa mbele ya mashahidi ni somo letu la leo.

Kusoma alama: fedha au rangi?

Turudi kwenye swali la kwanza la mama. Kabla ya 1840, kijiko chenye uso wa fedha mara nyingi kilikuwa fedha yenyewe, au shaba iliyobandikwa ganda la fedha. Mwaka 1840 nyumba ya Elkington, Birmingham, Uingereza, ilipata hati ya kupaka fedha kwa nguvu ya umeme. Toka hapo vijiko vya kupakwa vilijaa duniani, na wafanyakazi wengi wa kikoloni walikuja na hivyo. Chini ya rangi mara nyingi kuna mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, unaoitwa alpaka au fedha ya Kijerumani, ambao hauna hata chembe ya fedha ndani.

Kwa hiyo, anayekuta kitu kama hiki asikimbilie mnunuzi. Achukue kitambaa laini na maji ya sabuni, afute nyuma ya mpini, atafute alama, kisha asome hivi:

Namba 800, 900, 925 au 950 inaonyesha sehemu za fedha katika elfu moja. Hiyo ni fedha ya kweli.

Simba anayetembea, pembeni, ni alama ya Uingereza, maana yake 925. Kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya vita ni Ufaransa, toka 1838: akiwa na namba 1 ni 950, akiwa na namba 2 ni 800. Mwezi mchanga na taji ni Ujerumani, toka 1888.

Herufi EPNS, au neno Alpacca, ni kitu cha kupakwa. Namba 90 au 100 peke yake nayo inadanganya watu wengi. Si asilimia. Ni gramu za fedha zilizotumika kupaka vijiko na nyuma za dazeni moja, yaani vipande 24. Gawanyeni, mtaona kila kipande kina gramu ngapi: chini ya tano.

Msisugue kwa mchanga wala majivu makali. Kama ni cha kupakwa, mnaitoa rangi yote. Kama ni fedha, mnaila alama. Weusi si ubovu, fedha huwa nyeusi yenyewe kwa hewa na moshi. Sumaku haitoshi kupima, maana alpaka nayo haishikwi na sumaku. Na kisu msikihesabu kwa uzito wake, kwa kuwa makali yake ni chuma, na mpini mara nyingi una uwazi uliojazwa gundi ngumu.

Kwenye kikombe, kijiko na uma wa mama tulikuta mwezi, taji, na 800. Fedha ya kweli, basi. Bei yake ya chini kabisa ni hesabu ya darasa la sita: pima gramu, zidisha kwa 0.8, zidisha tena kwa bei ya gramu ya fedha ya siku hiyo. Tena hiyo ni bei ya kuyeyusha, na seti ya safari iliyo kamili, na kasanduku kake, mtu wa vitu vya kale hailipi kwa kilo. Bei ya sukari ile ilikuwa dharau.

Swali la pili ndilo gumu

Kikao kikafurahi. Vijana wakasema: uza, mama, nunua mabati, na sanduku letu lipate kidogo. Hapo mama akatueleza kile ambacho alikuwa amekiweka moyoni.

Baba yake alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja wa kazi ya pamba kwenye bonde la Ruzizi. Uhuru ulipofika, na vurugu baada yake, Mbelgiji akafunga mizigo haraka. Kasanduku hako hakakuingia. Akamwachia mpishi wake, akamwambia atarudi. Mei 1964 Uvira ikaingia mikononi mwa Simba, vita ile wazee wanaiita ya Mulele, na familia ya mpishi nayo ikajitayarisha kukimbia. Mzee akachimba, akazika. Mama alikuwa mtoto mdogo, lakini anakumbuka maneno: "Hii kintu si yetu. Mwenye nayo akirudia, atabeba."

Mwenyewe hakurudi. Mzee akafa. Oktoba 1996 mama akakimbia tena, mara hii na watoto wake, akavuka ziwa. Wengi wetu tulikutana naye Lugufu, wengine Nyarugusu. Alirudi na wale wa meli Mwongozo, Kigoma mpaka Baraka, miaka ile HCR ilipoanza kuturudisha, toka 2005.

Baada ya maneno yake hakuna aliyesema tena "uza". Kwa sababu kila mmoja wetu pale alikuwa na kitu alichomwachia mtu. Cherehani. Mlango wa mbao. Mbuzi wawili. Nyavu za ndagala. Karatasi za parseli. Kuna waliorudi wakakuta jirani ameficha kila kitu, hata sufuria iko na mfuniko wake. Na jirani huyo leo ni ndugu. Kuna waliorudi wakakuta mtu anakalia kiti chao na kuwauliza wanatafuta nani. Mabishano mengi yanayofika kwa komite yetu, ukiyachimba, chini yake kuna amana.

Tuseme pia ukweli upande wa pili. Mtu mmoja aliuliza kwenye kikao: "Na yule Mubelgiji, alituachiaka nini sisi?" Pamba ile ililimwa kwa lazima, na wazee wetu walipigwa fimbo. Hakuna aliyemkatalia. Lakini mama alijibu kwa upole: "Deni yake iko kwake. Neno la baba iko kwangu." Tukaacha hapo.

Tuliyoamua

Kwanza, vyombo havitauzwa sasa. Vimeorodheshwa kimoja kimoja, na alama zake, mbele ya mashahidi wanne, na karatasi mbili zimetiwa sahihi: moja kwa mama, moja kwenye kabati ya komite. Kwenye mfuniko wa kikombe kuna herufi tatu zilizochorwa. Tutaandika kwa mapadri na kwa ndugu zetu walioko Ubelgiji, tupeleke habari kwa miaka miwili. Mwenyewe au wajukuu wakipatikana, watakuja kusalimia na kuchukua. Wasipopatikana, mama ni mwenye neno la mwisho, na hakuna mwanamemba atakayemsema.

Pili, mabati. Sanduku la mutualite limemkopesha mama bei ya mabati 20, bila faida, kulipa kwa miezi kumi. Uaminifu usimlaze mtu kwenye mvua. Ulipoulizwa mkono, hakuna mkono uliobaki chini.

Tatu, tunaomba kila mwanamemba mwenye kitu cha mwingine, kikubwa au kidogo, alichoachiwa 1996, 1998 au wakati wowote, alete jina na orodha kwa komite. Hatuulizi kwa nini umekaa nacho. Na wale walioacha vitu, leteni nanyi orodha zenu. Tutaziweka pamoja tuone zinapokutana.

Tulipokuwa tunafunga kikao, mama alikunja kijiko chake, kikalia tak! kikaingia kwenye kikombe. Mmoja wetu akakumbuka vile vyombo vya jikoni tulivyopewa na HCR siku ya kurudi: sahani ndani ya sahani, vikombe, vijiko na kisu, vyote ndani ya sufuria kubwa, na mtu anabeba nyumba yake kwa mkono mmoja. Ni kitu kilekile. Mafundi wa miaka ya 1700 waliwatengenezea mabwana kwa fedha, sisi tukapewa cha chuma. Wengi bado tunavyo, na tunavyopikia.

Orodha zinapokelewa kila Jumamosi asubuhi, baada ya likelemba. Njooni na shahidi mmoja.